Safari ya Msumari

Mtaani kote kinyozi yule aliitwa Mtumishi. Hakuwa mchungaji wala shemasi. Jina lilimganda tu, kwa sababu mteja akishakaa kwenye kiti chake na kufungwa kitambaa shingoni hakuwa na pa kukimbilia, naye kinyozi alianza habari za wokovu kabla hata hajawasha mashine. Watu walimtania kwamba kwake unalipia kichwa, mahubiri unapewa nyongeza. Alicheka nao, lakini moyoni jina lile alilipenda. Akiitwa "Mtumishi" barabarani, mgongo ulinyooka wenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kufuatana naye, seremala, ambaye kwa wembamba wake na kwa kazi yake alijulikana kama Msumari. Alikuwa fundi kwelikweli. Mlango aliouning'iniza yeye ulifungwa kwa kidole kimoja. Ila pombe ilikuwa imemshika pabaya. Randa ilienda, msumeno ukaenda, mke akaenda, na baada ya mazishi ya mama yao akabaki hana pa kulala. Kinyozi alimchukua nyumbani kwake, akamtandikia godoro sebuleni.

Tusimnyime haki yake: alimvumilia kweli. Alimfuata mitaroni, akamwosha, akambadilisha nguo kama mtoto mchanga. Mkewe alifua mashuka asubuhi kabla majirani hawajaamka, wasione yakianikwa. Na kila Jumatano jioni, kikundi cha maombi kilipokutana katika sebule ileile, kinyozi alimwombea mdogo wake kwa machozi.

Ikafika wakati Msumari akaacha. Hakuna aliyejua ni kwa nini ilikuwa wakati ule na si mwingine. Alikaa siku, zikawa wiki, akaanza kunenepa mashavu. Alikaza miguu ya viti vilivyokuwa vikiyumba, akarekebisha kabati la shemeji yake lililokuwa halifungi. Jioni alikaa mlangoni akinywa chai na kusikiliza redio. Hakusema mengi. Ukimuuliza hali, alijibu, "Leo niko sawa," basi.

Kinyozi hakuweza kukaa kimya hivyo. Kila kichwa kilichoingia kibandani kwake kilitoka na habari za Msumari. Zikamfikia mchungaji, na mchungaji akampa nafasi siku ya Jumapili azungumze juu ya uvumilivu.

"Utakuja usimame nami kidogo tu," kinyozi alimwambia mdogo wake asubuhi ile, akimvalisha koti lake mwenyewe.

"Kaka, mimi sitaki kusimama mbele ya watu."

"Husemi neno. Nitasema mimi. Ni kwa utukufu wa Mungu, si wangu."

Msumari alisimama pale mbele, mabega yamezama ndani ya koti la mtu mwingine. Kinyozi akaeleza. Alieleza vizuri, maana ulimi alikuwa nao. Alieleza mtaro, alieleza matapishi, akaeleza mpaka mashuka aliyokojolea mtu mzima mwenye ndevu. Kanisa lilicheka pale pa kucheka na kulia pale pa kulia. Kinamama walitikisa vitambaa. Kinyozi alitazama mara moja kando, akamwona mdogo wake ameinamia viatu vyake, akajiambia, angalia alivyonyenyekea.

Jioni ile Msumari hakurudi nyumbani. Alirudi kesho yake akiwa amelewa chakari.

Kinyozi hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Alisema adui amekasirika. Lakini safari hii hasira ilikuwa yake mwenyewe, maana watu walikuwa bado wakimpongeza njiani kwa ushuhuda ule, naye alipita akiwaitikia na kuomba kimoyomoyo wasikutane na Msumari kwenye kona inayofuata.

Jumamosi ile kulikuwa na harusi. Bwana harusi na wasindikizaji wake walikuwa wamepanga foleni kibandani tangu asubuhi, wenye haraka zao. Kinyozi alifungua mlango, akavuta droo: mashine ya kunyolea haipo. Akatazama juu ya rafu, akatazama chini ya kiti. Mwenye funguo nyingine alikuwa Msumari, ambaye alipewa ili arekebishe rafu.

"Mtumishi, tunanyolewa au tunaombewa?" bwana harusi aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko kilikuwa hakijaisha Msumari alipotokea mwenyewe, miguu ikigombania njia. Alikuja mpaka mlangoni, akashika fremu.

"Kaka, nisamehe. Nitairudisha. Nimeiweka rehani tu kwa mtu."

Kinyozi aliyekuwa amevumilia mitaro na mashuka hakuvumilia hilo. Alimshika kola, akamsukuma mpaka barabarani mbele ya watu wote.

"Toka! Nimekubeba mpaka nimechoka. Unaniaibisha mbele ya watu, unaniaibisha mbele ya Mungu. Kuanzia leo mimi sina mdogo. Ukionekana nyumbani kwangu nitakuitia polisi."

Msumari alianguka kwa magoti, akainuka, akajipangusa vumbi kwa uangalifu kama mtu anayejiandaa kwenda mahali. Hakubisha. Aliondoka akielekea upande wa soko. Wasindikizaji walitazama viatu vyao. Bwana harusi akasema kwa sauti ndogo kwamba watajaribu kinyozi mwingine.

Jumatano ikafika. Kikundi kilikusanyika sebuleni: mama muuza mitumba, shemasi na mkewe, dada wa duka la dawa, na Mama Chaki. Mama Chaki alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka wanafunzi wake wakamletea wajukuu. Alisahihisha kila kitu. Hata katikati ya maombi ya mtu mwingine ungemsikia akinong'ona, "Si 'tunakuombaga', ni 'tunakuomba'." Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Ni yeye aliyeuliza. "Godoro la Msumari silioni. Amehamia wapi?"

Kinyozi alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Amesafiri, Mwalimu. Amepata kazi ya ujenzi, mbali huko. Walikuja kumchukua ghafla."

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ameingia na sinia la chai. Vikombe viligongana. Aliliweka sinia mezani, akarudi jikoni bila kuketi.

Furaha iliyolipuka sebuleni ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomfunga. Mama muuza mitumba alipiga vigelegele. Shemasi alimkumbatia. "Umeona, Mtumishi? Umeona matunda ya kuvumilia?" Wakasimama, wakashikana mikono, wakamwombea Msumari safari njema: barabara ziwe salama, tajiri wake ampende, asikutane na marafiki wabaya. Mwishoni wote wakasema amina, na kinyozi akasema amina.

Alidhani yangeishia hapo. Lakini hakujua jinsi watu wale walivyokuwa waaminifu. Kila Jumatano walimwombea tena, na kabla ya kuomba walitaka habari. Amefika? Amefika salama. Analala wapi? Analala na mafundi wenzake. Kuna kanisa karibu? Lipo, si mbali sana. Ilibidi akumbuke wiki hii alichosema wiki iliyopita. Msumari yule wa uongo akawa na msimamizi mkali lakini mwenye haki, na kitanda karibu na dirisha. Siku moja, akiwa amebanwa, kinyozi akasema mdogo wake anawasalimu. Wakaitika wote kwa pamoja, "Tumezipokea!" na mama muuza mitumba akafuta macho. Jumatano iliyofuata alikuja na sweta zito, kachagua zuri kuliko yote katika belo lake. "Mtumie. Huko mbali asubuhi kuna baridi." Kinyozi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na watu walipoondoka akalisokomeza chini ya kitanda.

Usiku ule mkewe alilikuta alipokuwa akifagia.

"Hili nalo utalipeleka kwa basi gani?"

"Sasa ulitaka niseme nini? Kanisa zima lilisikia ushuhuda."

"Mimi sikutaka useme kitu. Nilitaka umtafute." Alilikunja sweta vizuri, akaliweka kitandani katikati yao. "Mimi amina yako hiyo siitikii tena. Wakiuliza, waambie mkeo kichwa kinamuuma."

Na kweli, kuanzia hapo Jumatano zote alikaa jikoni. Kinyozi aliongoza maombi akiwa anamsikia anavyosugua sufuria iliyokwisha takata.

Kazini nako mambo yalibadilika. Alinunua mashine nyingine, wateja wakarudi, lakini mahubiri yalikauka. Mtu akikaa, alimuuliza tu, "Pembeni nipunguze?" Wakimwita Mtumishi aligeuka polepole, kama vile aliyeitwa ni mtu aliyeko nyuma yake. Usiku alijiambia kesho atakwenda upande wa soko kumtafuta. Asubuhi alijiambia Jumapili. Si kwamba hakumpenda mdogo wake. Alihofia kwamba akimpata, atalazimika kumleta nyumbani, na akimleta, Jumatano itafika.

Wakati wa mvua, maombi ya Mama Chaki yakawa na jambo geni. Wengine waliendelea kuombea barabara na tajiri. Yeye alisema, "Bwana, yule mtoto huko aliko anakohoa. Mpe mahali pakavu." Wiki nyingine akasema, "Leo amefanya kazi mchana kutwa na hakugusa pombe. Asante. Na kesho umshike vilevile." Wenzake walidhani ni imani yake kubwa. Kinyozi alidhani ni uzee. Kitu kimoja tu kilimtatiza: Mama Chaki, aliyekuwa na maswali kuliko wote, alikuwa haulizi tena habari za safari.

Mvua zile ndizo zilizoiozesha rafu ya kibandani. Alasiri moja ilikatika na chupa za spiriti zikamwagika zote, na kinyozi akalazimika kwenda kununua ubao. Yadi ya mbao ilikuwa nyuma ya soko, upande ambao alikuwa ameukwepa muda wote. Alitembea haraka, kichwa chini, akikusudia kununua na kuondoka.

Aliisikia sauti kabla ya kuona. "Kula taratibu, chakula hakikimbii." Aliinua macho. Juu ya rundo la mbao, chini ya bati lililochomoza, Mama Chaki alikuwa ameketi na mwavuli wake mapajani na chupa ya chai pembeni. Kando yake, mwenye unga wa mbao mpaka kwenye kope, alikuwa Msumari, akila kwenye bakuli la plastiki.

Palikuwa na lori limeegeshwa mbele ya lango. Kinyozi aliruka nyuma yake, akajibanza, mgongo kwenye ubavu wa lori, mtu mzima na heshima zake. Alisikia kifuniko cha chupa kikikazwa. Alisikia mdogo wake akisema, "Asante, Mwalimu," kisha msumeno ukaanza kunguruma ndani. Alitega sikio, akisubiri hatua za mama yule zipite ziende zake.

Hatua zilikuja, zikasimama.

"Mtumishi, toka huko nyuma. Dereva anataka kurudi nyuma, atakukanyaga."

Alitoka. Hakuwa na pa kuiweka mikono yake. Matope yalikuwa yamemfika magotini, na dereva alikuwa amechungulia dirishani akimkodolea macho.

"Mwalimu," alisema.

"Tusogee pembeni."

Wakasimama chini ya mwavuli mmoja kando ya ukuta. Mama Chaki alikuwa mfupi, kinyozi ilibidi ainame.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza. Nilikuja kununua mabanzi ya kuwashia moto, nikamkuta amelala kwenye unga wa mbao. Mwenye yadi ni mwanafunzi wangu. Nilimwomba ampe ufagio, amwache afagie. Sasa anamwachia na randa, siku akiwa mzima."

"Na Jumatano zote hizo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Unakaa kwenye kiti changu, unakunywa chai yangu, unanisikiliza nikisema kitanda kiko karibu na dirisha."

"Hilo la dirisha lilinichosha kidogo," Mama Chaki alikiri.

Kinyozi alitaka ardhi impasukie. Angetukanwa angejua pa kusimama. "Kwa nini hukuniumbua, Mwalimu? Mbele ya wote. Ningestahili."

Bibi yule aliuhamisha mwavuli mkono wa pili. "Mimi nimefundisha watoto wadogo. Darasani kila mwaka yupo anayejikojolea. Ukimwita mbele ya wenzake, kesho haji shule. Unamfuata kwenye dawati lake, kimya kimya, unampa nguo kavu. Basi." Kisha akasema, "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Kila Jumatano nikitoka nyumbani najiambia, leo atasema. Nilianza kuchoka, nisikudanganye. Juzi nilimwambia Mungu wiki hii ndiyo ya mwisho, nitasema mimi. Halafu nikamwambia basi, nimengoja hivi, nitangoja na wiki nyingine."

Alimwachia kinyozi nafasi ya kulifikia mwenyewe lile la kujikojolea, na akalifikia. Aliona tena lile koti, yale mabega, vile viatu alivyokuwa akivitazama Msumari wakati kanisa linacheka. Uso ukamwaka moto katikati ya mvua. Muda wote ule alikuwa akiamini kwamba yeye ndiye mvumilivu na wengine ndio wanaovumiliwa.

"Nenda," Mama Chaki alisema. "Mimi nyumbani nina maharage jikoni."

Msumari alikuwa amepiga goti karibu na meza ya msumeno, akizoa unga wa mbao. Alipomwona kaka yake aliinuka, akarudi nyuma hatua, na mkono ukapanda wenyewe kukinga kola ya shati. Hicho kidogo tu, ule mkono uliokimbilia kola, kilimmaliza kinyozi kuliko neno lolote.

"Sikuja kwa ubaya," alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Mashine yako bado sijaipata, kaka. Yule mtu aliiuza."

"Achana na mashine."

Wenzake kwenye yadi walizima msumeno ili wasikie vizuri. Kinyozi alijua wanasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakupandisha sauti kwa ajili ya wasikilizaji.

"Nilikufukuza kama mbwa. Halafu nikawaambia watu umesafiri. Wanakuombea safari mpaka leo."

Msumari alijipangusa unga wa mbao kwenye kope. "Nimesafiri nimekwenda wapi?"

"Mbali. Ujenzi."

"Nalipwa vizuri?"

"Vizuri."

Kitu kama tabasamu kilipita midomoni mwa Msumari, kikapotea. Alichukua ufagio, akauegemea. "Kaka, nikuulize. Siku ile kanisani, ilikuwa lazima useme yale ya mashuka?"

Kinyozi aliinamia unga wa mbao uliokuwa miguuni pake.

"Mtaro ungesema tu. Hata kuanguka ungesema. Lakini lile lilikuwa letu, la ndani ya nyumba, wewe na mimi na shemeji. Nilipotoka pale nje, kuna msichana mmoja wa kwaya, namfahamu, nilimtengenezea meza. Aliniambia, 'Hongera, kaka, sasa unaamka pakavu.' Alisema kwa wema kabisa. Nikaenda moja kwa moja baa."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Kinyozi aliketi juu ya gogo, akalia, mikono usoni, wanaume wa yadi wakimtazama. Msumari hakumgusa. Baadaye alisema, bila ukali, "Usilie hapa, watadhani kuna msiba."

"Twende nyumbani."

"Siendi."

"Mdogo wangu, nimekosa, nimekiri—"

"Nimesikia. Nimekusamehe, nadhani. Lakini siendi. Leo sijanywa. Jana nilikunywa. Kesho sijui. Nikija kwako nitakuwa nakutazama usoni kila asubuhi nione kama umefurahi au umeudhika. Siwezi hilo. Hapa nikianguka, mwenye yadi ananitukana, kesho ananipa ufagio tena."

"Nije kukuona basi?"

Msumari aliinua mabega. "Lango la yadi liko wazi."

Jumatano iliyofuata kinyozi alimwomba mkewe aje sebuleni akae. Alikuja, akaketi karibu na mlango, sweta limekunjwa mapajani mwake. Kabla mtu hajauliza habari, kinyozi alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, yote yakamkimbia.

"Msumari hajasafiri. Hajawahi kusafiri. Nilimfukuza mimi, nikawadanganya."

Alitegemea ghadhabu, ama pengine, mahali fulani moyoni, alitegemea pia mtu amkumbatie na kusema Mtumishi umekuwa jasiri. Havikutokea vyote viwili. Shemasi alikohoa. Dada wa duka la dawa alitazama ukuta. Mama muuza mitumba ndiye aliyesema.

"Nilifunga," alisema. "Mtoto wangu alikuwa mgonjwa, nikasema nifunge kwa ajili yake na kwa ajili ya Msumari, apate kuzoea huko. Nimeombea basi ambalo hakupanda. Mbele ya Mungu nimeonekana mjinga." Alichukua mkoba wake, akajifunga mtandio, akaondoka. Hakurudi kwenye kikundi kile kwa muda mrefu, na kinyozi alipokwenda kwake kumwomba radhi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Sweta hakulichukua. Alisema tu, "Mpeni mwenyewe."

Habari haikukaa ndani ya kuta. Mchungaji alimwita, wakaongea, akamwambia kwa upole kwamba uongozi wa kikundi auache kwa sasa. Kibandani, yule bwana harusi wa Jumamosi ile alirudi siku moja, akakaa kwenye kiti, akamtazama kwenye kioo. "Naambiwa mdogo wako amefika salama," alisema, na wote waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi aliendelea kunyoa.

Alianza kwenda yadini kila Alhamisi jioni baada ya kufunga. Alichukua mashine, kitambaa na chakula alichofunga mkewe. Siku ya kwanza Msumari alikubali kunyolewa, akakaa kwenye gogo kimya mpaka mwisho. Siku ya pili hakuwepo. Kinyozi aliwaachia wenzake chakula, akarudi. Siku nyingine alimkuta mzima, wakaongea juu ya mama yao, wakacheka mpaka mwenye yadi akaja kuona kuna nini. Siku iliyofuatia alimkuta amelala kwenye unga wa mbao, ananuka, na hakutambua nani amekuja. Kinyozi alimgeuza ubavu asipaliwe, akaondoka akiwa na hasira ileile ya zamani kifuani, nzima, haijapungua hata kidogo. Aliitambua, ikamtisha. Alidhani kutubu kungeiondoa.

"Bado nakasirika," alimwambia Mama Chaki njiani.

"Na mimi pia. Alhamisi unakwenda?"

"Nakwenda."

"Basi."

Kuna alioomba nao zamani waliomwuliza kama kuna mabadiliko. Alijibu kwamba kuna siku nzuri na kuna siku mbaya, na kwamba Msumari hapendi azungumziwe. Wengi hawakuridhika na jibu hilo. Jina la Mtumishi lilififia, wateja wapya wakamwita kinyozi tu, naye akazoea.

Alhamisi moja ya upepo alifika akakuta yadi imefungwa mapema. Aligonga, hakuna aliyeitika. Angeweza kurudi, mkewe alikuwa na homa nyumbani, na miguu ilimuuma kwa kusimama kutwa. Aliketi kwenye jiwe nje ya lango, chakula mapajani, akaona aibu kidogo kwa jinsi wapita njia walivyomtazama, akabaki pale pale. Aliomba, kwa maneno machache, na hakumwambia Mungu la kufanya.

Jua lilikuwa limekwisha kuinama Msumari alipotokea upande wa soko. Alitembea vibaya. Alimwona kaka yake, akasimama katikati ya njia, akawa kama anataka kugeuka. Kisha akaja, akakaa chini kando ya jiwe, akainamisha uso magotini.

"Leo nimekunywa," alisema.

"Nimeona."

"Sasa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Umekula?"

Msumari alitikisa kichwa. Kinyozi alifungua bakuli, akamshikia mdogo wake ili ale.